Jina Nililoliandika kwenye Jalada

Moshono,
Jumanne, saa tisa alasiri

Mwanangu Elieshi,

Kwa miaka thelathini na minne niliwafundisha watoto wa watu kwamba barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Hujambo, umekwenda Sombetini kusuka, kesho unasafiri kwenda Nairobi, na hujui lolote. Kutojua kwako huko ndiko kulikonikalisha mezani.

Shangazi yako yuko sebuleni. Alipofika jana na begi lake alikuambia kwamba amekuja kukusaidia kufungasha. Hakuja kufungasha. Ametumwa akulinde usiondoke kabla ya kesho saa tatu. Sasa hivi amepita hapa akaniona na kalamu, akadhani ninaandika ajenda. "Wifi, wewe ndiye unayejua kuviandika vitu vikaeleweka," akaniambia, kisha akarudi kwenye tamthilia yake. Ndiyo maana ninakuandikia badala ya kukuambia. Katika nyumba hii leo hakuna neno litakalosemwa lisisikiwe.

Umeambiwa kwamba kesho saa tatu Baba Mkubwa anakuja na wazee wa kanisa kukuombea safari. Watakuja kweli, na wataomba. Lakini kikao si cha kukuaga. Ni cha kukuzuia. Wameisoma hadithi yako, au tuseme wamesoma kurasa zake chache, na zimewafikia kwa mkono wangu mimi. Sitakuambia habari za sweta na malaria na kula vizuri. Hayo unayajua. Nitakuambia nilivyofanya, kwa mpangilio, na ukifika mwisho utajua la kufanya.

Unakumbuka siku uliyonipa flashi. Nilikuwa nachambua maharage.

"Mama, nimemaliza. Isome. Lakini kwenye kompyuta tu, na uwe peke yako. Usimwonyeshe mtu."

"Nimesikia."

"Ahidi."

"Naahidi."

"Na usisahihishe."

"Hilo siwezi kuahidi."

Ukacheka. Nami nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Miaka mitatu nilikuwa nakusikia ukigonga vitufe usiku na mchana, na hukuwahi kunisomea hata sentensi moja. Nilidhani unaniogopa. Ulikuwa na haki ya kuniogopa.

Nilijaribu kusoma kwenye kompyuta. Kurasa nne, macho yakatoa machozi. Lakini macho ni kisingizio. Ukweli ni kwamba siwezi kusoma kazi ya mtu bila kalamu nyekundu mkononi. Marehemu baba yako alikuwa akisema, "Mama Elieshi, wewe ukimkuta mtu anazama mtoni, kwanza utamsahihisha alivyopiga yowe." Basi Ijumaa asubuhi, ulipokuwa kazini, nikachukua flashi nikaenda nayo kwenye duka lile la kuchapa na kutoa kopi, pale anapofanya kazi Happy wa kwaya. Nilijiambia kwamba mashine si mtu. Kuchapa si kumwonyesha mtu.

Walikuwepo watu kama saba wakisubiri: mama mwenye kadi za kipaimara, vijana wenye barua za kuomba kazi. Happy akafungua faili, akaanza kuchapa. Ukurasa wa kwanza ulipotoka niliutazama. Ulikuwa na kichwa cha hadithi tu, katikati ya karatasi tupu.

"Happy, mbona jina la mwandishi halipo?"

"Mwalimu, ndivyo ilivyo humu. Haina jina."

"Kazi isiyo na jina haisahihishwi. Andika."

Nikamtajia majina yako matatu, herufi kwa herufi, kwa sauti ileile niliyokuwa nikiitumia darasani, mbele ya watu wote wale. Nikamwambia ayaandike kwa herufi kubwa na kuyakoza. Nikamrudisha mara mbili kwa sababu hayakukaa katikati. Elieshi, wewe ulikuwa umeliacha jina makusudi. Uliliacha kwa sababu unaijua nchi unayoishi. Mimi nilidhani umesahau. Nilidhani ninakufundisha.

Nililipa nikaondoka na kurasa mia tatu na kumi chini ya kwapa, nikijisikia mtu mwenye kazi. Faili ilibaki kwenye mashine yao. Sikujua kwamba hubaki. Na hata kabla sijafika nyumbani, Happy alikuwa ameshaisoma sura ya tisa.

Jioni ile kwenye kundi la akina mama wa jumuiya ikatumwa picha ya jalada lenye majina yako yaliyokaa katikati vizuri kabisa, na chini yake ukurasa ule ambapo msichana wako Nalari anauvuka mfereji kumfuata msichana mwenzake Seleina na kumshika uso kwa mikono miwili. Hakuna aliyeandika neno. Walituma alama za mshangao na mikono ya kuomba. Nilikuwa nimefika ukurasa wa sitini na moja. Kalamu yangu nyekundu ilisimama hapo, na haijaandika tena isipokuwa mahali pamoja, ambapo nitakueleza.

Jumapili baada ya ibada niliitwa ofisi ya usharika. Unajua kwamba mimi ni mmoja wa wazee wa kanisa, kwa hiyo nilikaa kwenye kiti changu cha siku zote. Baba Mkubwa alikuwepo ingawa si wa usharika wetu. Walikuwa wamemwita kutoka Poli.

"Mwalimu," mzee mwenzangu mmoja akaanza, "huyu ni mtoto wako?"

"Ni wangu."

"Na haya mambo ya wasichana wawili?"

"Ni hadithi."

"Mtu haandiki asichokijua," akasema Baba Mkubwa.

Hapo ndipo nilipokuangusha, mwanangu. Kila mwaka, kwa kila Kidato cha Nne, nilifundisha kwamba mwandishi si mhusika wake. Niliwachapa watoto kwa kuchanganya. Ningeweza kuyasema hayo hata usingizini, hata nikiwa na homa. Badala yake nikatazama mikono yangu. Kisha nikasema kitu ambacho mtu kama mimi hukisema akiogopa. Nikasema, "Nitaandika muhtasari."

Nikauandika. Mwandiko mzuri, mistari iliyonyooka. Niliandika kwamba hutasafiri. Kwamba Jumapili ijayo utasimama mbele ya usharika na kusema umekichoma kitabu, ndipo urudishwe kundini. Kwamba utakwenda kukaa Poli kwa Baba Mkubwa, chini ya mkewe, mpaka utulie. Na kwamba usiambiwe lolote kabla ya siku ya kikao, usije ukatoroka. Mmoja akaongeza kuwa ukikataa, yeye mwenyewe atazipeleka kurasa kwa mtendaji wa kata. Baba Mkubwa akatikisa kichwa. "Likifika huko sitaweza kulizuia, Mama Elieshi. Tulimalize nyumbani." Nadhani alikuwa anakuonea huruma kwa namna yake. Sikumchukia. Nikatia saini.

Tulipokuwa tunatoka akanishika bega. "Pasi yake ya kusafiria ishike wewe."

"Sawa, Baba Mkubwa."

Jioni ile ulipokuwa bafuni niliitoa kwenye mfuko wa mbele wa begi lako. Tangu hapo nimekuwa nikikutazama ukila. Jana uliniuliza kwa nini chai yangu inapoa, nikakujibu kwamba ni ya moto mno.

Nataka ujue kwamba si mara yangu ya kwanza. Hili sikuwahi kumwambia mtu, hata baba yako.

Kabla hujazaliwa nilikuwa matroni kwenye shule ya bweni ya wasichana. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Sita, Rehema, alikuwa bora kwa insha kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Nilimwazima kamusi yangu. Aliponirudishia, ndani yake alikuwa amesahau barua. Ilikuwa ya kwake kwenda kwa msichana wa darasa lake, Aisha. Haikuwa na jambo chafu. Alimwambia kwamba wakimaliza shule watapanga chumba kimoja, na kwamba siku ambazo Aisha amelazwa zahanati, yeye hasikii ladha ya chakula. Hiyo tu.

Ilikuwa na makosa manne ya lugha. Niliyasahihisha kwa kalamu nyekundu. Sina maelezo ya kwa nini. Mkono ulikwenda wenyewe. Kisha nikaipeleka kwa mkuu wa shule, naye akaisoma mstarini asubuhi, shule nzima imesimama kwenye baridi. Walifukuzwa wote wawili, zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya mtihani wa mwisho. Nilijiambia kwamba nimefanya kazi yangu.

Miaka mitatu iliyopita nilikwenda soko la Tengeru kununua parachichi, nikasikia sauti kutoka nyuma ya tenga:

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ni Rehema?"

"Ndiye mimi. Umezeeka, mwalimu, lakini unatembea vilevile, kama unakwenda kumkamata mtu."

Mwanamke wa meza ya jirani akacheka. Mimi sikuweza.

"Ile barua yangu," akasema huku akipanga matunda, "iliposomwa mstarini haikuwa na kosa hata moja. Nikasimama pale nikajiuliza, jamani, mbona mimi sikuandika vizuri hivyo."

Nilikuwa na maneno ya kuomba msamaha. Nilikuwa nayo kwa miaka mingi, yamepangwa. Badala yake nikauliza, "Mwenzako yuko wapi siku hizi?"

Akaacha kupanga. "Hilo, mwalimu, ulipaswa kuuliza wakati ule."

Kisha akanichagulia parachichi sita. "Chukua haya, ya kesho. Hayo mengine yameshalainika." Akanitajia bei, bila kupunguza wala kuongeza. Nikalipa. Nikaondoka na maneno yangu yakiwa bado yamepangwa, na siku hizi hata sokoni pale siendi.

Kwa hiyo unaona. Nilipokaa ofisi ya usharika na kalamu mkononi, nilikuwa najua ninachofanya. Mara ya kwanza mtu anaweza kusema alikuwa kijana, alikuwa na sheria za shule, aliogopa kazi yake. Mara ya pili hana la kusema.

Kama kuna jambo moja nimelijua kwa gharama yangu, na kwa gharama ya wengine zaidi, ni hili. Usimkabidhi mtu kitu chako kwa sababu tu ni mnyoofu. Sisi wanyoofu ndio tunaovunja ahadi tukiwa tumesimama wima. Tunadhani unyoofu wetu ni ruhusa. Mwongo anajua kwamba anadanganya, kwa hiyo walau anakutazama usoni kuona kama umemwamini. Mimi sikukutazama. Nilikuwa natazama kama jina limekaa katikati.

Usiku wa Jumapili niliusoma mswada wako wote. Niliiweka kalamu chumba kingine. Ni mara ya kwanza tangu nijue kusoma.

Niliijua nchi uliyoibuni. Watu wa Ukungu wanaokaa juu na kuyalinda maji, Watu wa Chini wanaoyangoja, mfereji mmoja kati yao, na sheria kwamba binti wa juu afunguaye maji na binti wa chini ayapokeaye wasionane uso, la sivyo mlima utayameza maji yake. Mfereji ule ni wa bibi yangu mzaa mama. Nilikuonyesha mara moja tu, ulipokuwa na miaka sita, tulipopanda kule juu kuzika, na nikakuambia usichezee zamu ya maji ya watu. Ulikumbuka hata jiwe lenye ufa. Sikujua kwamba ulikuwa unasikiliza. Nilidhani unalia kwa sababu ya viatu.

Majani waliyokuwa wakitumiana juu ya maji, yaliyotobolewa kwa mwiba, matundu mengi au machache kulingana na jambo: hapo nilisimama nikaenda kunywa maji. Walipendana mwaka mzima kwa matundu ya majani, kabla hata mmoja hajajua mwenzake ana sauti gani. Nimesoma mapenzi mengi yaliyowekwa kwenye mitaala, Elieshi, na mengi niliyasahihisha. Hili nililiamini.

Sitakuuliza kama ni lako. Nilitaka kukuuliza siku zote hizi nne, na kila nilipofungua kinywa nikasikia sauti ya Baba Mkubwa. Ukitaka kuniambia utaniambia, kwa wakati wako, na usipotaka usiniambie. Wala sitakudanganya kwamba nimebadilika ndani ya siku nne. Mimi bado ni Mlutheri wa kiti cha mbele. Mungu anasema nini kuhusu Nalari na Seleina, sijui kama nilivyodhani najua. Lakini nilichokisema mimi nakijua, na nilichokiandika, na waliokilipia.

Mahali pamoja nilipoweka alama tangu hapo ni sura ya mwisho. Nilikwenda nikachukua kalamu kwa ajili hiyo tu. Kwa kurasa mia tatu umenionyesha msichana asiyejua kupiga magoti, kisha mwishoni unampigisha magoti mbele ya wazee wake, anamkana mwenzake, na maji yanarudi. Siamini. Maji yamerudi kwa sababu gani? Umeandika sura hiyo kwa woga. Ninautambua kwa sababu ni woga wangu, nimekulea ndani yake kama mtu anavyomlea mtoto ndani ya nyumba yenye moshi, baadaye anamshangaa kwamba anakohoa. Nimechora mstari mmoja pembeni na kuandika: Rudia. Utakavyorudia ni juu yako. Sitaki kukuambia.

Sasa, ya kesho.

Gari lako lilikuwa la saa nane mchana. Leo asubuhi niliposema nakwenda kliniki kupima presha, sikwenda kliniki. Nilikwenda mjini, nikabadilisha. Una kiti kwenye gari la kwanza, la saa kumi na mbili asubuhi. Kikao kitakapoanza saa tatu, utakuwa umeshavuka Namanga. Tiketi na pasi yako vimo ndani ya bahasha hii. Mswada uliochapwa nimeufunga kwenye kitenge cha buluu chini kabisa ya begi kubwa. Jalada nimeliondoa. Pale dukani nilirudi pia. Nilisimama nyuma ya Happy mpaka akafuta faili mbele yangu. Alikuwa analia. "Mwalimu, mimi nilimwonyesha mtu mmoja tu." Nikamwambia, "Na mimi nilikuonyesha wewe tu." Picha zilizokwisha kutumwa sina uwezo nazo. Utaishi nazo, na ni mimi niliyekupa.

Shangazi yako atalala sebuleni, kwenye kochi la karibu na mlango. Tutatokea mlango wa jikoni. Nimelipaka komeo mafuta. Jirani yetu mwenye gari la Noah atatusubiri kule chini njia panda saa kumi na moja kasoro, taa zimezimwa. Hakuniuliza sababu, nami sikumpa. Jioni hii ukishasoma, kaa mezani ule kama kawaida. Mwulize shangazi yako habari za tamthilia. Ukiniangalia kwa hasira ataona, kwa hiyo hasira yako iweke. Ina haki, lakini iweke mpaka njia panda.

Wakifika watauliza uko wapi. Nimelifikiria jibu siku nzima, na nimeona kwamba si la kupamba. Nitawaambia kwamba umeondoka, na kwamba nimekusindikiza mimi. Nitawaambia kwamba mswada ule haukuwa na jina, na kwamba jina nililiandikisha mimi, baada ya kuvunja ahadi. Kwamba muhtasari niliotia saini Jumapili nauondolea saini yangu. Na kama usharika unataka mtu wa kusimama mbele siku ya Jumapili, nitasimama. Nina la kukiri, ingawa si lile wanalotaka kusikia. Watanivua uzee wa kanisa. Baba Mkubwa huenda asikanyage tena hapa, na unajua maana yake kwa mjane mwenye nyumba kwenye kiwanja cha ukoo. Nisikudanganye kwamba siogopi. Tangu nianze ukurasa huu nimeinuka mara tatu kutazama kama shangazi yako yupo alipo.

Ukifika usinipigie simu. Watakuwa wameishika. Subiri nikutafute mimi.

Neno moja la mwisho, kwani nasikia lango, nadhani ni wewe. Hulazimiki kunisamehe kwa sababu nimekufungulia mlango. Kumfungulia mtu mlango ulioufunga wewe mwenyewe si wema, ni kuacha tu kuendelea na ubaya. Tutashuka pamoja mpaka njia panda, nitakubebea begi moja, na hatutazungumza kwa sababu ya mbwa. Nitakwenda nawe mpaka kwenye gari la Nairobi. Kama hutaki kunipa mkono, usinipe. Panda, kaa, tazama mbele. Mimi nitasimama pale chini mpaka liondoke.

Mama yako